Losheni ya kalamaini: inatuliza mwasho, haiondoi kilichouleta

Ingia duka la dawa Mwembe Tayari au Likoni, sema tu kwamba mwili unakuwasha, na huenda ukakabidhiwa chupa ya maji mazito ya rangi ya waridi. Hiyo ndiyo kalamaini. Ni dawa ya zamani, bei yake si kubwa, na iko katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Nyumba nyingi huku pwani haikosekani. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu wa kueleza inafanya nini na inaishia wapi.

Ndani ya chupa mna unga laini wa zinki oksidi uliochanganywa na oksidi ya chuma kidogo sana, na hiyo chuma ndiyo inayoleta rangi. Unga huu hauyeyuki majini, umeelea tu. Ukiiacha chupa rafuni siku kadhaa utaona waridi yote imeshuka chini, juu yamebaki maji matupu. Basi asiyeitikisa anajipaka maji na kulalamika kwamba dawa haifai, na atakayefika mwisho wa chupa anajipaka tope. Itikise vizuri kila unapoitumia, hata kama uliitumia asubuhi hiyo hiyo.

Ukiipaka, maji yake hukauka na kuondoka na joto la ngozi, ndiyo sababu unahisi ubaridi. Unga unaobaki hunyonya unyevu na kuifunika ngozi iliyochokozeka. Zipo pia zilizotiwa fenoli kidogo, ambayo hupunguza mwasho kwa kuitia ngozi ganzi. Kazi yake ndiyo hiyo. Si dawa ya kuua utitiri wala kuvu, na aleji haiizimi. Inakupa nafasi ya kupumua usijikune mpaka ukajichubua, huku mwili ukijiponya wenyewe au wewe ukitafuta dawa yenyewe hasa.

Kwa harara inafaa sana, na Mombasa harara tunaijua. Kaskazi likivuma, hasa Februari na Machi, jasho halikauki kwa sababu hewa yenyewe imelowa. Vijitundu vya jasho huziba, jasho hukwama chini ya ngozi, na hapo hutokea vile vipele vidogo vyekundu vinavyochomachoma shingoni, mgongoni na kwenye mikunjo ya mtoto mchanga. Kalamaini itapunguza ule mchomo. Lakini kama mtoto bado amevalishwa soksi na fulana mbili saa sita ya mchana, chupa nzima haitoshi. Mwogeshe maji ya baridi kiasi, mvalishe pamba nyepesi, mweke penye upepo. Na tafadhali, mafuta mazito yaacheni mpaka harara iondoke, yawe ya nazi au ya kopo. Najua bibi zetu wanayaamini, na kwa ngozi kavu wana haki, ila kwa harara yanaziba vile vijitundu zaidi.

Kuumwa na mbu, usubi au kunguni pia inasaidia, na kuungua kidogo kwa jua vilevile.

Kuipaka kwenyewe ni rahisi. Osha ngozi kwa maji safi, ikaushe kwa kuibonyezabonyeza na taulo bila kuisugua. Mimina losheni kidogo kwenye pamba au kitambaa laini kilicho safi, kisha gusagusa mahali panapowasha na uache pakauke kabla ya kuvaa nguo. Pamba iliyokwisha kugusa ngozi usiirudishe mdomoni mwa chupa. Mara tatu au nne kwa siku zinatosha watu wengi, na kabla ya kurudia, osha ule unga wa awali. Wapo wanaopaka tabaka juu ya tabaka mpaka ngozi inapasuka kama udongo uliokaukiwa, wakidhani wingi ndio nguvu. Kalamaini inakausha, na ngozi ikikauka kupita kiasi inawasha upya. Kwa sababu hiyo mwenye pumu ya ngozi, ambaye tayari ngozi yake ni kavu, haimfai sana. Yeye anahitaji mafuta ya kulainisha na ushauri wa daktari.

Usiipake machoni, mdomoni, puani, sehemu za siri kwa ndani, wala kwenye kidonda kilicho wazi. Kama ni mara yako ya kwanza, jaribu padogo mkononi na usubiri kidogo. Kwa mtoto mchanga muulize mfamasia kwanza, hasa ikiwa chupa imeandikwa fenoli.

Tetekuwanga inahitaji maelezo yake. Kalamaini kwenye vile vipele ni sawa, na kucha za mtoto zikatwe fupi. Hatari ni mambo mawili. La kwanza, asipewe aspirini hata kidogo, kwa kuwa huweza kuleta ugonjwa mbaya wa ini na ubongo. Homa ikipanda, parasetamoli kwa kipimo cha umri wake. La pili, soma karatasi ya chupa. Kuna losheni za waridi zilizoongezwa dawa ya aleji iitwayo difenihidramini. Ukimpaka mtoto hiyo mwili mzima, na juu yake umnyweshe dawa ya aleji, anaweza kupata dozi kubwa kupita kiasi bila wewe kujua.

Sasa yale ambayo kalamaini haiwezi. Mwasho unaozidi usiku, wenye vipele katikati ya vidole, viganjani, kiunoni, na watu wa nyumba moja wote wanajikuna, huo ni upele wa utitiri. Dawa yake ni pamethrini au benzili benzoati, hupakwa na watu wote wa nyumba kwa wakati mmoja hata asiyewashwa, na shuka na nguo hufuliwa kwa maji ya moto. Choa, lile duara lenye ukingo ulioinuka, linataka dawa ya kuvu. Hapa nina ombi kwa dhati: zile krimu zenye steroidi kali, ambazo wengine huzitumia hata kujichubua, msizipake kwenye choa. Wekundu hupungua siku chache, watu hufurahi, na huku chini kuvu inatambaa.

Halafu kuna piko. Bibi harusi anachorwa mikono na miguu, na wiki haijaisha michoro imevimba, inatoa malengelenge na maji. Hina halisi, ile ya majani, hutoa rangi ya kahawia au nyekundu. Weusi wa piko hutokana na rangi ya nywele yenye kemikali iitwayo PPD, na baadhi ya watu miili yao huikataa vibaya. Malengelenge hayo si ya kalamaini. Osha kwa maji mengi, nenda kwa daktari, na ukishapata hali hiyo mara moja usiguse piko tena wala rangi nyeusi ya nywele bila kuuliza, maana mwili hausahau na mara ya pili huwa kali zaidi.

Midomo au uso ukivimba, au pumzi ikibana, hiyo ni dharura, usipoteze muda na losheni. Mjamzito ambaye viganja na nyayo vinamwasha bila kipele chochote, hasa miezi ya mwisho, aende kliniki siku hiyo hiyo, kwa sababu huenda ini lina shida na mtoto akaathirika. Mwasho usiokwisha baada ya wiki mbili, au wenye usaha, homa au macho ya manjano, nao upelekwe hospitali.

Chupa ihifadhiwe penye kivuli na juu, mbali na watoto. Rangi yake inafanana mno na maziwa ya stroberi. Mtoto akiinywa, usimtapishe. Mpeleke hospitali pamoja na chupa ili daktari aone imeandikwa nini.