Patente (Leseni ya Udereva) Mpya Italia: Wanayodanganyana Watu Malindi na Ukweli Wake

Malindi hii kila mtaa una mtu mwenye ndugu yake Italia, uende Muyeye, uende Maweni, uende Shela, na wengi wakiondoka wanaondoka na leseni ya Kenya mfukoni pamoja na maneno ya maskani. Hayo maneno mengi si ya kweli na yanawatia watu hasara, tena hasara ya euro, kwa hivyo kama una safari ama una mtoto au dada anayejiandaa soma mpaka mwisho halafu mtumie.

"Ukifika unapeleka leseni yako ofisini wanakubadilishia"

Hapana. Italia inabadilisha leseni za nchi ilizokubaliana nazo peke yake, Moroko wamo, Tunisia wamo, Kenya haimo. Ulichoruhusiwa ni kuendesha na leseni yako ya Kenya ukiwa na kibali cha kimataifa (kile cha AA) au tafsiri rasmi ya Kiitaliano, na mwisho wake ni mwaka 1 tangu uandikishwe kuwa mkaazi wa kule. Mwaka ukiisha huna ruhusa tena, unaanza upya kama mtu ambaye hajawahi kushika usukani.

Na huko kuanza upya kuna mtihani wa nadharia ambao ndio unaoangusha vijana wetu. Ni maswali 30 ya kweli au si kweli, unapewa dakika 20, ukikosa zaidi ya 3 umefeli. Unafanywa kwa Kiitaliano, Kiingereza hakuna. Sasa kijana amekulia bichi, Kiitaliano kinamtoka bila kufikiria, anajua kuuza safari ya boti na kubembeleza bei, anaona hiyo kwake ni kazi ndogo, kumbe kwenye karatasi anakutana na carreggiata (sehemu ya barabara wanapopita magari) na banchina (ukingo wa barabara), maneno ambayo pale Silversands hakuna mtalii aliyewahi kumwambia. Nawasihi, anza kusoma yale maswali ukiwa bado huku nyumbani, yapo kwenye simu bure, usingoje ufike kwenye baridi ndio uanze.

"Mimi nimeendesha Malindi Mombasa miaka na miaka, hizo sheria za madereva wapya hazinihusu"

Hii ndio inayoniuma zaidi manake anayeisema huwa ni dereva mzuri kweli, amebeba watalii Tsavo, amepita Gede usiku na mvua, hajawahi kugonga hata mbuzi. Lakini sheria ya Italia inahesabu kuanzia siku uliyopata patente yao, miaka yako ya Kenya haimo kwenye hesabu, basi hata uwe na miaka 45 wewe ni neopatentato, yaani dereva mpya, sawasawa na mtoto wa miaka 18, na utakaa hivyo miaka 3.

Ndani ya hiyo miaka 3 kuna mambo yanakubana. Kwenye autostrada, zile barabara kuu za mwendo kasi, wenzako wanaruhusiwa 130 kwa saa, wewe mwisho 100. Zile barabara kubwa za nje ya mji ambazo wengine wanaenda 110, wewe mwisho 90. Watu watakupita, watakuwashia taa nyuma, waache wapite, faini ikija inakuja kwa jina lako si kwa jina la aliyekuwa anakuwashia taa.

"Bia moja haina neno"

Kwa dereva wa kawaida wa Italia kiwango ni gramu 0.5 kwa lita ya damu. Kwako wewe wa miaka 3 ya kwanza ni sifuri, na pia kwa yeyote aliye chini ya miaka 21. Sifuri maana yake hata ile glasi ya divai ambayo baba mkwe anakumiminia mchana wa Jumapili na kila mtu mezani anakwambia "dai, kidogo tu". Ukiwa na gari nje usiguse. Kama mmeenda wawili mwenye patente ya zamani aendeshe, ingawa naye pia asipitishe kiwango chake.

"Lazima ubandike P nyuma ya gari"

Hapa watu wamechanganya nchi. Italia ile P ni ya anayejifunza, aliyepita nadharia akapewa foglio rosa (kibali cha kujifunzia) na anafanya mazoezi na mtu kando. Ukishapata patente unaitoa.

"Gari ya mume wangu ni yangu, naendesha yoyote"

Siyo yoyote. Patente ya B, ile ya gari la kawaida, iliyotolewa kuanzia tarehe 14 Disemba 2024 inakufunga miaka 3 nzima usiendeshe gari ya nguvu zaidi ya kilowati 105, wala inayopita kilowati 75 kwa kila tani ya uzito wake, (zamani ilikuwa mwaka 1 tu lakini kipimo chenyewe kilikuwa kikali zaidi, ndio maana ukiuliza watu wawili unapata majibu mawili). Kilowati 105 ni kama nguvu za farasi 140 hivi, gari ndogo nyingi zinaingia, yale magari makubwa marefu ya wazee wa kule mengi hayaingii. Nguvu imeandikwa kwenye kitabu cha gari, angalia kabla hujapewa funguo.

Ni kweli kuna ruhusa, ukikaliwa kando na mtu asiyezidi miaka 65 mwenye patente ya miaka 10 au zaidi unaweza kuendesha hiyo gari kubwa. Lakini ruhusa hiyo ni ya nguvu ya gari peke yake. Spidi inabaki 100, pombe inabaki sifuri, hata ukikaliwa na mkuu wa polisi.

"Pointi ziko 20, zitaisha lini"

Patente inaanza na pointi 20 na makosa yanazipunguza, nazo zinaisha upesi kuliko unavyodhani, kwa sababu katika miaka 3 ya mwanzo kila kosa unakatwa mara mbili. Kupita taa nyekundu ni pointi 6, wewe 12. Mkanda ni 5, wewe 10. Yaani makosa mawili tu, taa moja leo na mkanda siku nyingine, zote zimekwenda, na zikiisha unarudishwa kwenye mitihani yote, nadharia na barabara.

Na usidhani kwa vile gari ni ya mume au mke basi zinakatwa zake. Barua ikija nyumbani mwenye gari ana siku 60 za kusema nani alikuwa anaendesha, akinyamaza anapigwa faini nyingine juu ya ile ya kwanza. Kwa hivyo barua ya kijani ikifika ifungueni siku hiyo hiyo, na kwa makosa mengi ukilipa ndani ya siku 5 unapunguziwa asilimia 30.