Saini kubwa, picha dhaifu: unaangaliaje picha kwenye mnada wa sanaa ya India

Swali tunaloulizwa kila siku huku makumbusho ni hii picha orijino au feki. Sawa, ila kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi kabisa na ndo linalowala hela: haya, ni orijino, je ni nzuri? Maana hata fundi mkubwa ana siku zake mbovu, na kwenye minada ya sanaa ya kisasa ya India, iwe Mumbai, Delhi, London au New York, kazi za siku hizo mbovu hazikosekani, zile kali zikishaingia kwa mtu hazitoki kirahisi.

Chukulia M.F. Husain, mchoraji wa India. Amezaliwa 1915 amefariki 2011, kachora maelfu ya picha, na farasi ndo usiseme. Picha yake Gram Yatra ya 1954, ina urefu wa zaidi ya mita 4 na vipande 13 vya maisha ya kijijini, ilikaa miaka na miaka hospitalini Oslo halafu Machi 2025 ikauzwa New York kwa zaidi ya dola milioni 13. Sasa bei hiyo isikupandishe mzuka kwenye kila farasi wa Husain unayemwona! Angalia mstari. Husain akiwa moto, mguu wa farasi unabeba mwili kweli, shingo imekaza, ukiufuata mstari kwa jicho unasikia mkono ulivyokwenda. Kwenye dhaifu mstari unazunguka tu kama mtoto anayekopi, halafu rangi imejazwa ndani basi.

S.H. Raza, mchoraji mwingine wa India, hivyo hivyo. Picha yake Gestation ya 1989 ilivuka rupia milioni 500 mnadani 2023, na ukiitazama ile duara nyeusi, bindu, inavuta kila kitu kinachoizunguka. Lakini duara hiyo aliirudia mpaka uzeeni na kuna zingine zimetulia mno, safi kama vigae vya bafuni (wenye nazo mtanisamehe).

Mimi nnachofanya kwanza naifunika saini kwa kidole gumba, hata kwenye simu. Halafu natafuta picha zingine za mchoraji huyo huyo za miaka ile ile, tuseme miwili mitatu huku na huku, naziweka pamoja, sio kulinganisha F.N. Souza, mchoraji mwingine wa India, wa mwishoni na Souza wa London miaka ya 50, hapo utajidanganya mwenyewe. Alafu nasoma katalogi, na kama maelezo yote ni alizaliwa wapi, alisoma wapi, alikuwa na kundi gani la wachoraji Bombay (ndo Mumbai ya leo) 1947, na hakuna hata sentensi moja kuhusu picha yenyewe, nashtuka, mwandishi naye pengine hakuona cha kusema.

Kinachochanganya zaidi ni uchache. Mchoraji Amrita Sher-Gil alifariki 1941 akiwa na miaka 28 tu, na sheria ya India ya 1972 inazuia kazi zake kutolewa nje ya nchi, kwahiyo hata kajikaratasi kake ka mazoezi kakitokea mnadani watu wanapigana. Hapo mtu analipia uchache, na ni haki yake, ila asije akatuambia ni kazi bora.

Mchoraji Jamini Roy ndo mtihani kabisa. Yeye alifanya kazi kama karakana, familia ikisaidia, picha moja inarudiwa mara nyingi na anauza bei rahisi makusudi ili nyumba za kawaida za Kolkata zipate, kwahiyo ukianza kutafuta "ipi ni ya mkono wake peke yake" utaumwa kichwa. Mimi naenda kwenye jicho, lile refu kama jani. Kwenye picha nzuri brashi imepita mara moja, haikusita. Kwenye dhaifu unaona kabisa pale iliposimama katikati, ikafikiria, ikaendelea.