Kiti cha Y na uongo wa "mkono mtupu"

Jumamosi nimeletewa tena kiti cha mwaloni, kamba za kikalio zimekatika upande wa mbele. Kabla sijakipindua, mwenyewe akaanza: "Fundi, hiki hakijaguswa na mashine hata mara moja. Ukoo mmoja, mkono mtupu, tangu 1908." Nilikuwa na kisu cha kukatia kamba. Nikakiweka chini kwanza.

Kiti chenyewe ni CH24, kile chenye mbao ya mgongoni yenye umbo la Y. Mchoraji wa samani Hans J. Wegner alikichora 1949, Carl Hansen & Søn wakaanza kukitoa 1950, na hawajaacha mpaka leo. Hiyo 1908 ni kweli: ndipo seremala Carl Hansen alipofungua karakana hapa Odense, Denmark. Ukoo nao ni kweli. Mwanawe Holger alimrithi. Holger alipofariki 1962, mjane wake Ella akaishika kampuni, halafu wakaja wanawe, Jørgen Gerner 1988 na Knud Erik 2002. Kiwanda sasa kiko Gelsted, kisiwa hiki hiki cha Fyn. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni huo mkono mtupu.

Itazame miguu ya nyuma. Utaapa imepindwa kwa mvuke, maana inapanda, inajikunja, inakwenda kuupokea upinde wa juu kama shina linalotafuta jua. Wala haijapindwa. Imekatwa kwenye ubao bapa, ikapita mashineni, na jinsi ilivyogeuzwa wakati wa kuunganishwa ndiyo inayokudanganya macho. Kilichopikwa kwa mvuke kikapindwa ni ule upinde wa juu tu, unaoegemea. Wegner alikuwa seremala kabla ya kuwa mchoraji, na hapa alikuwa anachora kwa ajili ya kiwanda: alitaka mguu ambao mashine itautoa mmoja baada ya mwingine bila kulalamika, lakini ukisimama uonekane umebembelezwa wiki nzima. Huo ndio ujanja wake mkubwa. Unaposema hakuna mashine, unamnyang'anya. Na nikiri: msasa wa mwisho ukishapita, hata mimi kwa kupapasa siwezi kukwambia kipi kimetoka kwenye randa ya mkono na kipi mashineni.

Mkono uko kwenye kikalio. Karibu mita 120 za kamba ya karatasi. Ndiyo, karatasi iliyosokotwa, na usianze kucheka. Iliingia kazini kamba za nyasi za baharini zilipoadimika wakati wa Vita Vikuu vya Pili. Usiimwagie maji kila siku, itakuzika.

Kwa kuwa mbele ni papana kuliko nyuma, huwezi kuanza kuzungusha tu. Unajaza kwanza pembe mbili za mbele, mpaka nafasi iliyobaki ilingane mbele na nyuma, ndipo unazunguka fremu yote: juu ya mbao, chini, juu ya mbao ya pili, chini. Kila mizunguko michache nazigonga kamba kwa kipande cha mti zibanane. Ukilegeza mzunguko mmoja, miaka mitatu baadaye mtu anakaa bondeni. Msukaji wa kiwandani humaliza kwa saa moja hivi. Mimi saa tatu, chai ikiwemo.

Nikaze kiasi gani? Waliotufundisha walisema "vuta mpaka ikaze", kana kwamba mkono una mizani. Kwenye kiti kipya, sawa. Kwenye kiti cha miaka sitini nasikia mbao za pembeni zikilia, naingiwa na huruma na vile viungo, nalegeza. Kisha nalala nikiwaza kwamba nimelegeza mno. Na hiki cha Jumamosi, kamba zilizokatika zilikuwa nne tu. Sina hakika kabisa kwamba nilifanya vyema kuzitoa zote.

Nilizitoa. Katikati, baina ya tabaka la juu na la chini, kikadondoka kipande cha Lego na sarafu ya krone moja. Bwana akavitia mfukoni, akampigia mkewe palepale kumwambia fundi amethibitisha: mkono mtupu.