Boneti Kukunjika Ndiyo Kazi Yake

Wiki iliyopita Toyota RAV4 moja ilivutwa hadi gereji ninapokagulia magari ya ajali. Mwenye gari, mzee wa makamo, akaizunguka mara mbili, akagonga madigadi kwa kidole, akasema yale yale ninayoyasikia kila mwezi: "Haya magari ya siku hizi ni karatasi. Zamani chuma kilikuwa chuma." Kijana wake, ambaye ndiye aliyeparamia nguzo ya umeme, alikuwa amesimama pembeni anakunywa soda. Alikuwa na mchubuko wa mkanda shingoni, basi.

Nikamwomba mzee asogee. Nikavuta mlango wa dereva, ukafunguka kwa mkono mmoja na kujifunga vizuri. Usukani ulikuwa mahali pake. Nguzo ya kioo cha mbele haikusogea hata kidogo. Lakini mbele, sho na rejeta vimeingiliana, boneti imesimama kama hema, na zile chesisi mbili za mbele zimejikunja kama kopo lililokanyagwa. Mzee aliona gari lililoshindwa. Mimi niliona gari lililofanya kazi yake yote.

Chukua spidi ya kilomita 64 kwa saa, inayotumika kwenye majaribio mengi ya kugonga kwa mbele. Ni sawa na kudondoka kutoka mita 16, ghorofa ya tano. Mwili wako unakwenda spidi hiyo hiyo na ni lazima usimame. Pua ya gari ikikunjika sentimita 60, mtu wa kilo 70 anabebeshwa, kwa wastani, mzigo wa karibu tani 2. Gari likiwa gumu, likakubali sentimita 10 tu, mzigo unapita tani 11. Mkanda ni uleule, mbavu ni zilezile.

Anayebisha aitafute video ya mwaka 2009 ambamo IIHS, taasisi ya Marekani inayopima usalama wa magari, iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Chevrolet Malibu ya 2009, kila moja ikiwa kwenye kilomita 64. Sehemu ya dereva ya Bel Air iliporomoka juu ya sanamu la majaribio, kwa ajali ambayo dereva wa kweli asingepona. Sanamu la Malibu lilionyesha jeraha dogo la mguu.

Kinachoniudhi zaidi ni hatua inayofuata. Mtu akishaamini gari lake ni karatasi, analipeleka kuchomelewa ngao ya bomba, imefungwa moja kwa moja kwenye chesisi. Ile sehemu iliyotengenezwa ikunjike sasa haikunjiki. Na kompyuta ya mifuko ya hewa inaamua kufungua kwa kusoma jinsi gari linavyopoteza spidi, kwa hiyo ukibadilisha pua umeibadilishia hesabu. Mtembea kwa miguu atakayekutana na bomba lile usiku sitaki hata kumfikiria.

Tuje kwenye nyota, zile alama za usalama ambazo gari hupewa baada ya kugongeshwa kwa majaribio. Watu wananiambia "gari hili lina nyota tano" kana kwamba ni cheti cha kuzaliwa. Nyota za nani, za mwaka gani, za gari la soko gani? IIHS walianza mwaka 2012 kugongesha robo tu ya upana wa pua kwenye kizuizi kigumu, kama unavyougonga mti kwa kona ya gari. RAV4 ya 2013 ikapata daraja la chini kabisa. Toyota wakairekebisha, ya 2015 ikapata daraja la juu. Mwaka 2016 IIHS wakaigonga upande wa pili, upande wa abiria. Bodi iliingia ndani zaidi ya sentimita 30 kuliko upande wa dereva, na mlango ukafunguka. Kati ya SUV ndogo 7 walizojaribu siku hizo, zote zikiwa na daraja la juu kwa dereva, ni Hyundai Tucson ya 2016 pekee iliyofanya vizuri kwa abiria pia.

Sasa fikiria. Dereva wa Marekani anakaa kushoto, wetu anakaa kulia. Gari lako limetoka Japani, usukani kulia. Daraja la Marekani huwezi kulibandika juu yake kwa sababu tu jina la nyuma linafanana. Jina halitoshi kabisa: mwaka 2020 Global NCAP, shirika la kimataifa la kupima usalama wa magari, waligonganisha pikapu mbili za Nissan, Hardbody mpya iliyokuwa ikiuzwa Afrika na Navara ya 2015 iliyokwisha kutumika Ulaya. Kwa matokeo yale, dereva wa ile mpya yaelekea angekufa, wa ile kuukuu angeshuka akatembea.

Na kuna jambo linalonisumbua hata mimi ninayeyatetea majaribio haya. Tangu 2020 Euro NCAP, wapimaji wa usalama wa magari wa Ulaya, wanaligongesha gari na toroli la kilo 1,400 linaloiga gari jingine, yote mawili yakiwa kwenye kilomita 50 kwa saa. SUV ya tani 2 hapo inabadilishwa spidi kwa takriban kilomita 41. Gari la tani 1, takriban 58, yaani pigo kubwa zaidi kwa waliomo. Nyota zao hazilingani hata zikihesabika sawa. Halafu barabara ya Morogoro hakuna toroli. Kuna semi-trela lenye mzigo, na mbele yake SUV yako ndiyo inakuwa gari dogo. Mteja akiniuliza kama nyota tano zitamwokoa hapo, siwezi kumwambia ndiyo.

Mzee alinisikiliza, kisha akauliza zile chesisi zitanyooshwa kwa bei gani. Nikamwambia hazinyooshwi, zinabadilishwa, kwa sababu chuma kikishakunjwa na kupigwa moto hakikunjiki tena kwa mpango uleule. Mkanda wa dereva nao ubadilishwe, kifaa chake cha kukaza kimeshalipuka. Akauliza, "Mkanda nao?" Nikauvuta, ukagoma katikati. Kijana akaweka soda chini, akaushika, akaupapasa pale ulipochanika nyuzi.