Ule Muda wa Kungoja Matokeo

Mimi ni mwanasaikolojia, na kwa miaka mingi nimekuwa nikikaa na watu waliozidiwa nguvu na kamari. Kuna swali ambalo huwauliza mapema, mara nyingi katika kikao cha pili: tangu unapoweka dau hadi unapojua matokeo, ni wakati gani hasa moyo wako ulikuwa ukienda mbio kuliko wakati mwingine wowote? Wengi huanza kujibu kwamba ni pale waliposhinda, kisha hunyamaza, kwa sababu wakikumbuka vizuri wanaona sivyo ilivyokuwa. Kijana mmoja aliyekuwa akibeti mechi za mpira aliniambia kwamba siku aliyopata hela nyingi kuliko zote aliutazama ujumbe wa malipo kwa sekunde chache tu, halafu akaanza kutafuta mechi za kesho yake. Lakini zile dakika za nyongeza, alipokuwa amesimama sebuleni akingoja mechi moja ya mwisho imalizike, aliweza kunisimulia zote, hadi rangi ya zulia alilokuwa amelikanyaga.

Jibu lake ndilo kiini cha jambo ninalotaka kulieleza. Ushindi huja na kupita upesi. Kinachomshika mtu ni ule muda wa kutojua, na kila mchezo wa kubahatisha unaopendwa umejengwa kuuzunguka muda huo.

Mwanasaikolojia wa Marekani B. F. Skinner, aliyefanya kazi kwa miongo kadhaa na panya na njiwa, aliona jambo ambalo bado ndilo mlango wa kuingilia somo hili. Njiwa akipewa punje kila anapodonoa kitufe idadi ileile ya mara, hudonoa, hula, kisha hupumzika kidogo kabla ya kuanza tena. Punje zikija bila mpangilio unaotabirika, leo baada ya midonoo mitatu na baadaye baada ya arobaini, njiwa hudonoa kwa kasi na karibu hapumziki kabisa. Tena punje zikikatizwa moja kwa moja, yule wa pili huendelea kudonoa kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa hana namna ya kutambua kwamba tuzo zimekwisha. Kwake ukame wa sasa unafanana na ukame mwingine mwingi uliowahi kumalizika kwa punje. Skinner mwenyewe aliilinganisha ratiba hiyo na mashine za kamari, na sijaona sababu ya kuupinga ulinganisho wake.

Kuhusu kinachotendeka ndani ya ubongo, watu wengi wamesikia neno dopamini, na wengi wameambiwa kwamba ni kemikali ya raha. Maelezo hayo yanapotosha, na yanaleta madhara, maana mgonjwa huanza kuamini kwamba anacheza kwa sababu anapenda mno starehe. Kazi ya mwanasayansi wa ubongo Wolfram Schultz na wenzake, ambayo muhtasari wake maarufu ulichapishwa mwaka 1997, ilionyesha kitu kingine. Nyani waliopewa matone ya maji ya matunda walionyesha mlipuko wa shughuli katika chembe za neva za dopamini pale tone lilipokuja bila kutarajiwa. Walipokwisha kujifunza kwamba ishara fulani hutangulia tone, mlipuko ulihamia kwenye ishara, na tone lenyewe halikuleta tena mabadiliko. Ishara ikitokea na tone lisije, shughuli hiyo ilishuka chini ya kiwango cha kawaida, katika wakati uleule ambapo tone lilipaswa kufika. Kwa maneno mengine, dopamini hupima tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichopatikana, na jambo lililozoeleka haliisumbui. Mwaka 2003 kundi hilohilo liliripoti kwamba, ishara inapomaanisha uwezekano wa nusu kwa nusu, shughuli ya chembe hizo hupanda polepole katika muda wote wa kungoja, na hupanda zaidi kuliko pale tuzo ikiwa ya hakika. Wanasayansi wamejadiliana sana kuhusu tafsiri ya mpando huo. Hata hivyo, kila ninaposoma matokeo yale namkumbuka yule kijana na zulia lake.

Ushahidi mwingine unatoka hospitalini. Baadhi ya wagonjwa wa Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaoleta kutetemeka na kukakamaa mwili, wanaotibiwa kwa dawa zinazoiga kazi ya dopamini wameanza kucheza kamari kwa namna ambayo hawakuwahi kuifanya maishani mwao, na wengi wao wakaacha kamari hiyo baada ya dawa kupunguzwa au kubadilishwa. Mimi humweleza hilo kila mgonjwa anayekuja kwangu akijiita mtu asiye na akili.

Sasa nije kwenye jambo linaloumiza kuliko yote, yaani kukosa kwa nywele, kushindwa ukiwa umebakiza kidogo tu. Watu wanaobeti hulijua vizuri. Husema mkeka, yaani orodha ya mechi zinazobetiwa pamoja na ambayo hulipa tu zote zikienda kama zilivyotabiriwa, umechanika kwa timu moja. Chukua mkeka wa mechi 10, na tuseme kwamba umechagua vizuri kiasi kwamba kila mechi ina uwezekano wa asilimia 70 wa kwenda kama ulivyotabiri. Ukipiga hesabu, katika mikeka 100 ya namna hiyo takriban 3 tu itashinda. Takriban 12 itachanika kwa mechi moja tu. Yaani kwa kila ushindi mmoja mchezaji atapitia mara nne ule uchungu wa kukaribia, bila mtu yeyote kuchezea matokeo na bila udanganyifu wowote, kwa kuwa ndivyo mkeka mrefu ulivyo. Kila mara mchezaji hujiambia kwamba amekaribia, kana kwamba alikuwa akipanda ngazi na amebakiza kidato kimoja. Lakini mkeka unaofuata huanza chini kabisa, na mechi zake hazina habari yoyote na zile za jana.

Mtafiti Luke Clark na wenzake walilichunguza jambo hili katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, kwa kutumia mchezo mdogo wa mashine ya kamari huku wakipiga picha za ubongo. Kukosa kwa nywele kuliamsha baadhi ya sehemu zilezile zinazoamshwa na ushindi. Washiriki walisema kwamba kukosa huko kuliwachukiza kuliko kukosa kwa mbali, lakini pia kuliwaongezea hamu ya kuendelea, hasa pale walipokuwa wamechagua wenyewe picha ya kuchezea. Kifungu hicho cha mwisho nakitilia mkazo. Mwaka 1975 mwanasaikolojia Ellen Langer alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba watu huithamini zaidi tiketi ya bahati nasibu waliyojichagulia kuliko waliyopewa tu, ingawa nafasi ya kushinda ni ileile. Mkeka wa mpira unaunganisha yote mawili: timu umechagua wewe, umesoma takwimu, unamjua kipa aliyeumia, na umekosa kwa moja. Mtu wa namna hiyo huona kwamba amejifunza kitu, na ni vigumu sana kumshawishi kwamba alichopata hakikuwa somo.

Mashine za kisasa za kasino zimekwenda mbali zaidi, kwa kuwa zinamruhusu mchezaji kuweka dau kwenye mistari mingi kwa wakati mmoja. Anaweka sarafu 20, mstari mmoja unalipa 8, taa zinawaka na muziki unapigwa. Amepoteza 12, na mashine inamshangilia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Waterloo nchini Kanada walipima utoaji wa jasho kwenye ngozi za wachezaji na kukuta kwamba mwili uliitikia hasara za namna hiyo kwa kiwango kinachokaribiana na ushindi wa kweli.

Ukizijumlisha mbinu hizi unapata hali ambayo mwanaanthropolojia Natasha Dow Schüll, aliyezungumza kwa miaka mingi na wachezaji wa Las Vegas, aliielezwa nao kwa uwazi wa kushtua: hawachezi ili washinde, wanacheza ili waendelee kucheza. Mawazo ya nyumba, deni, maumivu ya mgongo, yote hufutika. Wengine ushindi mkubwa uliwaudhi, kwa sababu ulikatiza mwendo. Ndiyo maana nasema kwamba kabla kamari haijachukua fedha huwa imechukua usikivu wa mtu, yaani uwezo wake wa kuelekeza akili kwenye jambo, na usikivu ni kitu chenye mwisho. Mwanauchumi Herbert Simon alisema mwaka 1971 kwamba wingi wa habari huzaa uhaba wa usikivu, na alisema hivyo kabla ya simu hizi tunazozishika.

Simu haihitaji dau ili ifanye kazi hiyohiyo. Unauvuta ukurasa chini kwa kidole, kiduara kinazunguka kwa muda mfupi, na hujui kama kitaleta ujumbe wa mtu unayempenda au hakitaleta kitu. Kisha ukurasa hauna mwisho. Mbunifu Aza Raskin, aliyebuni mtindo huo wa ukurasa usio na mwisho mwaka 2006, amejuta hadharani. Katika michezo ya video kuna masanduku ya kununua yenye vitu visivyojulikana hadi yafunguliwe, na Ubelgiji iliamua mwaka 2018 kwamba baadhi yake ni kamari kwa mujibu wa sheria. Naunga mkono uamuzi huo, hasa kwa ajili ya watoto, ingawa sipendi mchezo wa video wenyewe uitwe ugonjwa kwa haraka. Uraibu wa michezo, kama ulivyowekwa kwenye orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 2022, unahitaji mtu awe ameshindwa kujizuia na maisha yake yawe yameharibika waziwazi, kwa kawaida kwa muda wa miezi 12 au zaidi. Mtoto anayecheza sana wakati wa likizo hajafika huko.

Katika matibabu siwaambii watu wajikaze, kwani wengi wamejikaza kwa miaka mingi na wameshindwa. Kwanza tunaweka vizuizi vya kawaida, kama vile kumkabidhi mtu mwingine fedha na kufunga akaunti. Baada ya hapo tunafanya kazi kwenye ule muda wenyewe. Namwomba mgonjwa aandike hamu inapoanza, imefika wapi baada ya dakika tano, na baada ya ishirini. Karibu wote hushangaa kuona kwamba hamu hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka bila wao kufanya chochote, kwa sababu hapo awali hawakuwahi kuingoja ishuke. Waliikata kwa dau jingine.

Yule kijana alirudi na daftari lake baada ya wiki kadhaa. Alikuwa ameandika kwamba alitazama mechi nzima bila kuweka kitu. Mwanzoni mwa vikao vyetu nilikuwa nimemuuliza jinsi mechi fulani iliyomlia hela ilivyochezwa, na aliweza kunitajia matokeo tu. Safari hii alinisimulia goli la pili: mpira ulivyoanzia kwa beki wa kushoto, pasi ilivyopenya katikati ya watu wawili, na mshambuliaji alivyochelewa kidogo kupiga ili kipa alale kwanza. Alizungumza kwa dakika kadhaa, na sikumkatiza.