Sukari ikishuka mpe sukari, hata kama ana kisukari

Swali: Ubongo unapataje chakula chake?
Chakula chake kikubwa ni glukosi, ile sukari inayotembea kwenye damu. Haipenyi yenyewe tu, inabebwa na protini zilizokaa kwenye ngozi ya seli: GLUT1 inaivusha kutoka kwenye vimishipa vya damu, GLUT3 inaiingiza kwenye seli za neva. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili ila unatumia karibu asilimia 20 ya nishati, na akiba hauna ya maana.

Swali: Si insulini ndo inaingiza sukari?
Kwenye misuli, ndiyo, hiyo homoni ya kushusha sukari, ambayo baadhi ya wenye kisukari hujichoma kwa sindano. Protini za ubongo hazisubiri insulini, zinasubiri sukari iwepo kwenye damu basi. Sasa mtu kachoma insulini asubuhi kaondoka bila kula, misuli inavuta sukari, ini nalo limezuiwa na insulini kutoa akiba yake ya sukari, sukari kwenye damu inaporomoka. Hapo protini ni kama konda anayeita weee na kituoni hakuna abiria.

Swali: Nitajuaje imeshuka?
Jasho la baridi, kutetemeka, njaa kali, moyo kwenda mbio, halafu anaanza kuongea visivyoeleweka au anakuwa mkali bila sababu na majirani wanasema kalewa. Mashine ikisoma chini ya 3.9 (au 70 kwa zile za miligramu) imeshuka.

Swali: Lakini ana kisukari, tukimpa sukari si tutamuua?
HAPANA. Hili ndo linatuchosha kliniki. Mama anatetemeka, jasho linamtiririka mpaka kanga imelowa, na watoto wamesimama wanabishana eti daktari alikataza sukari. Alikataza ya kwenye chai kila siku, hakukataza hii! Mpe vijiko vitatu vinne vya chai vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida, isiwe ile ya zero. Subiri dakika 15, pima, bado iko chini rudia, ikipanda ale chakula. Huna mashine na dalili ni hizo? Mpe sukari. Hata kama huna uhakika, mpe sukari, ikipanda kidogo itashushwa, ubongo uliokaa na njaa muda mrefu unaweza usirudi ulivyokuwa. Na tafadhali msimwongezee insulini eti "sukari imempanda" wakati hamjapima.

Swali: Akizimia je?
Usimnyweshe kitu, itaingia kwenye mapafu. Mlaze ubavu, mkimbize hospitali atundikiwe dripu ya glukosi. Sio kesho, sio kwa mganga kwanza, na maombi ombeni mkiwa ndani ya bajaji.

Swali: Akizinduka turudi nyumbani?
Kama anameza glibenklamidi, kidonge cha kushusha sukari, hapana, dawa ile inakaa mwilini muda mrefu na sukari inaweza kushuka tena usiku mmelala. Njooni apimwe na mje na dawa zake zote, sio "vile vidonge vyeupe vidogo dokta".