Timothy Springer: kabla ya hela za Moderna kulikuwa na seli zinazong'ang'ania

Siku hizi ukitaja Timothy Springer, mwanasayansi wa kinga ya mwili wa Harvard, watu wanakumbuka hela tu, kwamba alitia dola milioni 5 Moderna, ile kampuni ya chanjo ya korona, mwaka 2010 ikiwa kampuni changa halafu korona ikaja akawa bilionea. Ni kweli, ila sisi tunaoshinda maabara na seli nyeupe za damu tunamjua kwa kitu kingine na mi naona hicho ndo kikubwa.

Miaka ya 70 mwishoni alikuwa Cambridge, Uingereza, kwa César Milstein, mmoja wa waliogundua namna ya kutengeneza kingamwili za aina moja tu, zinazoshika kitu kimoja tu. Huko wakapata Mac-1, protini iliyo juu ya seli nyeupe. Aliporudi Harvard akaja na mbinu ya kijasiri kweli: unamchoma panya sindano yenye seli T zinazoua (seli nyeupe zinazoua seli zilizoambukizwa), unachukua kingamwili anazotengeneza, unasaka ile ambayo ukiitia seli zinashindwa kuua. Yaani hata hujui unatafuta protini gani! Unaangalia kazi imekwama, ndo unavuta kile kilichoshikwa. LFA-1 ilipatikana hivyo, na kumbe seli ilikuwa inashindwa kuua kwa sababu haiwezi kushikamana na ile inayotakiwa kufa. ICAM-1, pale LFA-1 inapoishika seli nyingine, ikafuata.

Halafu kuna watoto wanaozaliwa na kasoro kwenye kipande ambacho LFA-1 na Mac-1 zote zinacho, damu imejaa seli nyeupe lakini kidonda hakitoi usaha, maana seli haziwezi kutoka kwenye mshipa. Kutoka si mchezo, damu inakimbia. Mwaka 1991 yeye na Michael Lawrence walionyesha kwamba seli kwanza inabingirika ukutani kwa kushikwa kidogo kidogo na selektini, protini za kunasia, ndo integrini, yaani protini za kushikilia kama LFA-1, zinaikaba isimame, kama konda anayeshuka daladala haijasimama, lazima akimbie hatua kadhaa kwanza.

Kwenye dawa ni patamu na pachungu. Efalizumabu inayoziba LFA-1 ilitumika kwa soriasisi, ugonjwa wa ngozi, ikaondolewa sokoni 2009 kwa sababu wagonjwa wachache walipata maambukizi mabaya ya ubongo, ukiziba mlango wa mwili mzima ndo hivyo. Vedolizumabu, dawa ya uvimbe wa utumbo iliyoendelezwa mwanzoni na kampuni ya Springer, LeukoSite, inaziba njia ya kwenda utumbo tu, ikapitishwa Marekani 2014 na inaendelea vizuri. Tuzo ya Lasker, tuzo kubwa ya tiba ya Marekani, Springer alipata 2022 pamoja na Richard Hynes na Erkki Ruoslahti.

Na kwa sisi wa huku, ICAM-1 hiyohiyo ndo chembe nyekundu zenye vimelea vya malaria zinaing'ang'ania ukutani mwa mishipa midogo, na kuna aina yake inaitwa kabisa ICAM-1 Kilifi, utafiti wa 1997 uliihusisha na malaria ya ubongo, wengine baadaye wakapima wakapata tofauti, na ubishi huo mi nauona mtamu kuliko habari zote za Moderna.